Kipande kuanguka Makueni sio kwamba roketi ilipasukia Makueni

Kila ikitoka habari ya steji ya roketi (ile sehemu yenye injini na matangi ya mafuta) kupasuka kwenye obiti, yaani njia yake ya kuizunguka dunia, simu yangu hapa Kampala haitulii, na swali ni lile lile, ilipasukia wapi, juu ya nani, tena anayeuliza tayari ana jibu lake: si kuna kipande kilianguka Makueni kule Kenya, basi ilipasukia hapo. Jamani hapana! Ile pete ya chuma ya kijiji cha Mukuku, tarehe 30 Desemba 2024, kilo kama 500 na upana wa mita 2.5 hivi, inakuonyesha ilipomalizia safari tu.

Steji ikiwa kilomita 800 juu inamaliza mzunguko mmoja kwa dakika kama 100. Ikipasuka, vipande haviporomoki, vinaendelea kuzunguka, kila kimoja na kasi yake iliyotofautiana kidogo, na vingi vitakaa huko miaka na miaka. Hakuna kamera iliyokuwa inarekodi. Rada ndizo zinavikamata siku zinazofuata, tunapata obiti ya kila kipande, halafu tunarudisha hesabu nyuma mpaka tupate muda ambao vyote vilikuwa sehemu moja.

Chukua viwili tu, kimoja kinazunguka kwa dakika 100, kingine 100.5. Kila mzunguko vinaachana nusu dakika, kwa siku ni mizunguko 14 na kitu, yaani dakika 7 hivi. Ukivikuta leo vimeachana dakika 21 na ushee, vilikuwa pamoja siku tatu zilizopita. Fanya hivyo kwa vipande mia, kila kimoja umchoree mstari wake kwenye grafu, mistari inajibana pamoja sehemu moja, na hapo ndio saa ya kupasuka.

Saa ndiyo inayokupa mahali, sio kinyume chake, hili nalirudia mpaka nachoka. Steji inapita juu ya ardhi karibu kilomita 400 kwa dakika, kwa hiyo kosa la dakika moja ni kama Kampala hadi Nakuru. Mtu akikutajia nchi muulize kwanza saa ngapi UTC (saa ya kimataifa) na hesabu yake inaweza kukosea dakika ngapi, kama hana jibu achana naye. Na ukifanya hesabu mwenyewe tumia vipimo vya siku za mwanzo, vipande vyepesi viweke pembeni, hewa ile kidogo iliyoko huko inavivuta na wiki zikipita vinakuharibia kila kitu.

Eti idadi ya vipande ya siku ya kwanza ndiyo ya mwisho? Hapana, inapanda kadiri rada zinavyovipata. Roketi ya China, Long March 6A, iliyorushwa tarehe 6 Agosti 2024 na satelaiti 18 za intaneti za Qianfan, steji yake ilipopasuka jeshi la Marekani lilisema zaidi ya vipande 300, LeoLabs, kampuni inayofuatilia vitu vya angani kwa rada, ikasema 700 angalau.

Na ule mstari wa taa unaopita angani usiku, ambao watu wanadhani ni vipande, ni satelaiti za intaneti za Starlink, hakuna kilichopasuka.

Na hii ya "angani hakuna oksijeni, italipukaje", steji inabeba oksijeni yake au kemikali inayofanya kazi hiyo hiyo. Steji ya kwanza inayojulikana kupasuka kwenye obiti ni Ablestar ya Marekani, tarehe 29 Juni 1961, haikumaliza hata saa mbili tangu iachie satelaiti zake. Ndio maana siku hizi steji ikimaliza kazi inatakiwa imwage mafuta yaliyobaki na kutoa presha kwenye matangi, na wanaorusha bila kufanya hivyo wanajua kabisa wanachowaachia wengine.