Kuajiri kwa kigezo cha ujuzi: maana yake

Ni utaratibu wa kumpima mwombaji kazi kwa anachoweza kufanya, kabla ya kuuliza amesoma hadi wapi na amekaa kazini miaka mingapi. Shahada haitupwi, ila haiwi tena geti la kuingilia.

Chukua duka la vipuri vya magari Kariakoo linalotafuta mtunza stoo. Tangazo linadai shahada ya ugavi na "uzoefu usiopungua miaka mitatu". Ukiuliza kazi yenyewe, unatajiwa kupokea mzigo, kuulinganisha na ankara, kuuingiza kwenye kompyuta, kuhesabu stoo mwisho wa mwezi, na kujua kwa macho shokapu ipi ni ya gari gani. Hapo shahada imewekwa kama chujio tu, maana barua zikija mia tatu bosi hana muda wa kuzisoma. Sababu hiyo inaeleweka, lakini haihusiani na stoo.

Sharti la miaka, kwa maoni yangu, ni bovu zaidi. Linahesabu muda, tena ule wenye barua ya ajira tu. Kijana aliyekaa dukani kwa mjomba wake tangu amalize kidato cha nne hana barua. Mhitimu wa juzi hana miaka. Masharti mawili yakikaa pamoja, wote wawili wanabaki nje.

Marekani suala hili lilifika Mahakama ya Juu. Mwaka 1971, katika kesi ya Griggs dhidi ya Duke Power, kampuni ya umeme, ilionekana kwamba sharti la cheti cha sekondari liliwaengua zaidi weusi bila kuthibitishwa kuwa linahusiana na kazi. Mahakama ikalikataa.

Kwetu Tanzania, VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, hupima mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa vyeti. Wenyewe huita urasimishaji ujuzi. Udaktari, uhandisi na uwakili ni habari nyingine, kwani huko sheria inadai elimu na usajili.

Kwa mtunza stoo, mpime hivi: mpe ankara na rundo la mzigo lenye upungufu, umwachie nusu saa abaini kilichopungua. Usimweke siku tatu "tumwangalie kwanza" bila hata nauli. Hiyo ni kumfanyisha kazi bure.