Kisukari na mkojo: maswali kutoka mwaloni

Mama yangu ana kisukari aina ya pili na anauza dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza. Usiku huamka mara tano kukojoa, hivyo ameacha kunywa maji tangu alasiri. Anafanya vema?

Hapana, na tunakuomba umweleze leo hii. Sukari katika damu inapozidi takribani milimoli 10 kwa lita, yaani miligramu 180 kwa desilita, figo hushindwa kuirudisha yote mwilini, nayo hutoka na mkojo ikivuta maji mengi; ndiyo maana sisimizi hujaa pale alipokojoa mgonjwa. Mama hakojoi sana kwa sababu anakunywa sana, bali kiu inamshika kwa sababu maji yanamtoka. Akijinyima maji, mwili hukauka na sukari hubaki palepale. Apimwe, dawa zake ziangaliwe upya, na asipunguze maji isipokuwa daktari amemwagiza kwa ajili ya moyo au figo.

Mbona UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) inamrudia kila baada ya miezi michache, ingawa anameza dawa?

Kisukari kisichodhibitiwa hudhoofisha kinga, na kikikaa miaka mingi huweza kuumiza neva za kibofu. Kibofu hujaa bila mwenyewe kuhisi, na akienda msalani mkojo hutoka nusu. Unaobaki hutuama kama maji ya chini ya mtungi, na humo bakteria huzaliana. Ajizoeze kukojoa kila baada ya saa tatu au nne hata kama hajabanwa, kisha atulie kidogo na kujaribu tena kabla ya kuinuka. Vidonge vya kununua dukani bila kipimo hufanya bakteria wawe sugu, kwa hiyo aombe mkojo uoteshwe maabara, yaani bakteria wakuzwe ili ijulikane dawa inayowaua. Kama anatumia empagliflozini au dapagliflozini, dawa za kisukari zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, muwasho sehemu za siri huenda ukawa fangasi, wala si UTI.

Damu kwenye mkojo nayo ni sukari?

Msikubali jibu hilo kabla ya vipimo. Katika wilaya kama Kwimba, Misungwi na Magu, kichocho cha mkojo hupatikana kwenye malambo na majaruba ya mpunga, nacho hutibiwa kwa prazikwanteli. Damu huweza pia kutokana na mawe au saratani ya kibofu. Povu lisiloisha kwenye mkojo ni jambo jingine: huenda figo zinavujisha protini, ambayo kila mwenye kisukari aina ya pili anapaswa kupimwa kila mwaka, hata akijiona mzima.

Ni wakati gani asisubiri siku ya kliniki?

Akipata homa ya kutetemeka, maumivu ya ubavuni kuelekea mgongoni, kutapika, kuchanganyikiwa, au mkojo ukikataa kutoka, aende hospitali siku hiyohiyo. Aliyeko kisiwa cha Ukara apande kivuko cha kwanza hadi Bugolora na kuendelea hadi hospitali ya Nansio, Ukerewe, akiwa amebeba dawa zake zote, kwa kuwa daktari huenda akasimamisha baadhi yake kwa muda, ikiwamo metformini, dawa ya kisukari.