Bengali si matope matupu

Ukitaja Bengali, wengi huona mito, mafuriko na mpunga uliozama majini. Purulia haiko hivyo. Wilaya hii ya magharibi kabisa ya jimbo la West Bengal, India, imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Chota Nagpur: mawe, udongo mwekundu, vilima vya Ajodhya.

Mvua si haba. Tatizo ni kwamba karibu yote hunyesha Juni hadi Septemba, kisha huteremka mitelemkoni na kupotea. Ndiyo maana wakulima wengi huvuna mpunga mara moja tu kwa mwaka, na vijana huhamia kwingine kusaka vibarua. Lipo pia zao la ajabu kidogo: utomvu wa wadudu wanaofugwa juu ya miti, unaotengenezewa vanishi na lakiri, ile ya kufungia barua.

Hata kiutawala imechelewa kuingia West Bengal. Ilikuwa sehemu ya wilaya ya Manbhum, katika jimbo jirani la Bihar. Aprili 1956 wanaharakati wa lugha ya Kibengali walianza kutembea kwa miguu kwenda Kolkata, mji mkuu wa West Bengal, na tarehe 1 Novemba mwaka huohuo Purulia ikahamishiwa West Bengal.