Je, wajua kwa nini king'ora kikilia watu wengi hawakimbii?

Mimi kwa miaka niliamini kabisa kwamba ukitangaza hatari watu watachanganyikiwa, wapige kelele, wakanyagane mlangoni kama kwenye muvi, na nikaona ni sawa tu wakubwa wakificha habari mbaya "ili kuepusha taharuki". Kumbe nilikuwa nimegeuza mambo miguu juu. Wanasosholojia kama Enrico Quarantelli, mmoja wa waliofungua kituo cha utafiti wa majanga kule Ohio, Marekani, mwaka 1963, walienda kuwauliza waliokuwepo na wakakuta taharuki ya namna hiyo ni nadra. Sisemi haipo, na watu wanakufa kweli kwenye misongamano, ila mara nyingi mlango ndio mdogo, sio akili za watu. Shida iliyozoeleka ni kinyume chake, watu wanabaki palepale.

Wanabaki wakifanya nini? Wanaulizana. Fikiria umesikia kishindo usiku wa manane. Huruki dirishani, unamgusa uliyelala naye, "we, umesikia?" Akisema ni paka, unalala. Akikaa kitako, na wewe moyo unaanza. Tangazo la hatari ni kile kishindo, na kabla mtu hajatoka anapiga simu kwa dada yake, anachungulia jirani kama anafunga mizigo, anafungua redio, anarudi kwenye simu, na dakika zinakwenda.

Wengine wanaeleza huku kutafuta habari kwa mfano wa ndoo. Maji ya ndani ni yale unayoyajua tayari, na ukutani mwa ndoo kuna alama uliyochora mwenyewe, "hapa inanitosha". Maji yakiwa chini ya alama unaendelea kuchota habari. Chekesho ni kwamba alama huchori peke yako: kama mama na wenzako wanategemea uwe unajua, inapanda, na ndio maana yupo yule mmoja kwenye familia anayejua kila kitu. Mwenye alama ya chini anatosheka na "fulani kasema". Huu mfano una jina la kisomi na maswali yake ya dodoso, lakini tahadhari, mengi hapa yanategemea watu kujieleza wenyewe, tena mara nyingi baada ya tukio, na kumbukumbu hujipamba.

Jaribio la wanasaikolojia wa Marekani, Latané na Darley, la 1968 halikutegemea kumbukumbu. Walipuliza moshi kwenye chumba ambamo mtu anajaza fomu. Waliokuwa peke yao, 75% walitoka kuripoti. Waliokaa na watu wawili waliopangwa kujifanya hawaoni kitu, alitoka mmoja tu kati ya 10, wengine waliendelea kujaza fomu huku wanakohoa na kupunga moshi usoni!

Na hapa ndipo mimi niliishiwa maneno, maana ningeapa kwamba meseji fupi ndio inawahisha watu. Wapi. Ikiwa fupi mno, maswali yote (nani anasema, wapi, saa ngapi, nifanye nini) unabaki nayo mkononi, kwa hiyo unarudi kwa dada kuuliza. Meseji za dharura za simu Marekani zilikuwa na mwisho wa herufi 90, na mwaka 2019 wakaruhusu 360.