Mvua ya Mwanza haifuati kalenda ya Dar

Mgeni akifika Mwanza mwezi Julai hushangaa: nyasi kati ya majabali zimekauka, vumbi limetanda, na Ziwa Victoria liko palepale chini, bluu. Wengi huja wakiamini kwamba penye maji mengi hivyo mvua haikatiki. Kumbe Juni hadi Agosti unaweza kumaliza wiki kadhaa bila tone la maana. Pepo za kusini mashariki huingia mjini zikitoka bara, kavu. Zikishavuka ziwa ndipo huwa zimebeba mvuke, na mzigo huo huushusha ng'ambo. Ndiyo maana Mwanza hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, na Bukoba, iliyo ufuo wa magharibi, karibu mara mbili ya hizo.

Wengine husema: "Desemba ni kiangazi." Kwa Dar, joto la pepo za kaskazi likianza, labda. Huku vuli huanza Oktoba na Desemba bado inanyesha vizuri. Januari na Februari mvua hupungua tu, kisha masika huingia Machi hadi Mei. Anayepanga harusi ya nje mwezi wa kumi na mbili akodi turubai.

Husemwa pia: "Wingu la mvua hujengeka mchana, linanyesha jioni." Nchi kavu, ndiyo. Ziwani mambo hugeuka. Usiku ardhi hupoa upesi kuliko maji, upepo ukatoka pande zote za pwani kuelekea katikati, ukakutana juu ya maji yenye joto na kupanda juu. Radi kali hupigwa usiku wa manane hadi alfajiri, saa zilezile ambazo wavuvi wa dagaa wako nje na taa zao. Mtu aliyelala mjini, mtaa wa Kirumba, anaweza kuamka kukiwa kweupe, asijue walichopitia.

Kuhusu joto: ikweta iko karibu, lakini ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mchana ni nyuzi 28 hivi. Usiku wa Julai hushuka hadi 15 au 16, na waliokuja na fulana tu huishia soko la Mlango Mmoja kutafuta sweta la mtumba.

Na lile wingu jeusi linalosimama juu ya maji kama moshi? Mara nyingi si mvua wala moto. Ni wadudu wa ziwani, makundi kwa makundi, wameibuka majini kupandana. Funga madirisha, zima taa ya barazani.