Kitufe Kimegoma Kukaa Katikati: Yasemwayo Kuhusu Fleksiboksi

Wanaojifunza kutengeneza tovuti hapa Kisumu hukwamia mahali pamoja: kitufe kimegoma kukaa katikati. CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa, hulaumiwa bure. Kinachowaponza ni maneno wanayopokezana kuhusu fleksiboksi, njia ya CSS ya kupanga vitu ndani ya boksi.

Dhana: amri huandikwa kwenye kitu unachotaka kukisogeza.
La. `display: flex`, amri inayowasha fleksiboksi, huandikwa kwa mzazi, yaani boksi lililobeba vitu hivyo, naye hupanga watoto wake wa moja kwa moja. Wajukuu hawamo.

Dhana: `justify-content` ni ya mlalo, `align-items` ni ya wima.
Hii ndiyo sugu kuliko zote, kwa sababu mara nyingi huonekana kweli. Ukweli ni kwamba `justify-content` hufuata mhimili mkuu, yaani mstari ambao vitu hupangwa kuufuata, na `align-items` hufuata ule unaoukata. Mhimili mkuu huamuliwa na `flex-direction`. Chukua ukurasa wa mkahawa wa samaki pale Dunga: picha ya ngege, bei chini yake, kisha kitufe cha kuagiza. Umeviweka kwa `column`, kimoja chini ya kingine, kwa hiyo mhimili mkuu unashuka kutoka juu. Ukitaka viache kubanana kushoto, andika `align-items: center`. `justify-content` haitavisogeza upande huo hata kidogo.

Dhana: `align-items: center` haifanyi kazi kwa wima.
Vitu vikiwa kwa `row`, yaani kimoja kando ya kingine, inafanya, ila haina nafasi ya kufanyia. Boksi la kawaida hurefuka kulingana na vilivyomo tu, basi juu na chini hakubaki kitu. Mpe mzazi `min-height: 100vh`, yaani urefu usiopungua ule wa skrini. Kwenye simu, ambako wateja wengi watauona ukurasa wako, `100vh` huhesabu kana kwamba upau wa anwani umejificha, na ukurasa huzidi skrini. `100dvh` hufuata nafasi iliyopo kweli. Vivinjari vikuu vyote vimeikubali tangu 2022.

Nimesema `min-height`, si `height`, kwa makusudi. Urefu ukifungwa na menyu ikawa ndefu, vitu hufurika juu na chini, na kile cha juu hakifikiki hata mtu akisogeza ukurasa. `margin: auto` kwa mtoto huepusha balaa hilo.

Dhana: bila fleksiboksi hakuna katikati.
Maandishi yanatosheka na `text-align: center`. Na tangu 2024, `align-content: center` hufanya kazi hata kwenye boksi la kawaida, bila `display: flex` yoyote.