Ndiyo, Tai Hula Mzoga

Mwezi uliopita nilikaa kwenye semina ya chama chetu cha akiba na mikopo, soda vuguvugu mkononi, nikaambiwa kwa mara ya mia sasa kwamba tai hali mzoga. Mhamasishaji alikuwa na ile maikrofoni ya kubandika shavuni. "Tai hagusi kilichokufa! Tai anakula kilicho hai!" Mama mmoja nyuma yangu akaitikia ameni. Mimi kazi yangu ni kuongoza watalii wa ndege Naivasha, mwaka wa kumi na tisa huu, na mfukoni, ndani ya simu, nilikuwa na picha ya tai mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona, kichwa chake kimezama ndani ya mbavu za kulungu aliyekufa.

Nikanyamaza. Kulikuwa na pilau baadaye.

Lakini hakuishia hapo. Akaingia kwenye ile hadithi ya miaka 40, kwamba tai akifika umri huo hupanda mlimani, hugonga mdomo kwenye mwamba mpaka ung'oke, hunyonyoa manyoya yote, kisha huota upya na kuishi miaka 30 mingine. Hii nitaimaliza upesi. Tai kipara wa Marekani (kipara kwa jina tu, kichwa chake kina manyoya meupe) wa porini aliyeishi muda mrefu kuliko wote wanaojulikana kwa pete ya mguuni alikuwa na miaka 38, na alikufa mwaka 2015 huko jimbo la New York kwa kugongwa na gari. Hiyo 40 hakuiona. Mdomo ni mfupa uliovikwa ganda la aina ya kucha; ganda hukua na kulika kila siku, lakini ukivunja mpaka mfupa, umejiua. Kuna tai aliyepigwa risasi ya mdomo Alaska, akaokotwa mwaka 2005 akifa njaa kwa sababu hawezi kurarua chochote, akalishwa kwa mkono mpaka watu walipomtengenezea mdomo wa bandia. Na manyoya hubadilika machache machache, ili mwenyewe aendelee kuruka. Ukimwona tai amejinyonyoa mwili mzima, mpigie simu daktari wa wanyama. Basi. Turudi kwenye mzoga.

Picha ile niliipiga Hokkaido, kaskazini mwa Japani, Februari mwaka juzi. Wateja wangu wawili wa miaka mingi, mtu na mkewe, walinialika niende nao kuwaona tai-bahari wa Steller, ambao Wajapani huwaita owashi. Wanazaliana upande wa Urusi tu, Kamchatka na pwani za bahari ya Okhotsk, na dunia nzima wanakadiriwa kuwa 5,000 hivi. Bahari yao ikiganda, wengi hushuka kusini, na mlango-bahari wa Nemuro ndipo pa kuwakuta. Jike hufika kilo 9. Kwazi wetu, tai mla samaki wa ziwa Naivasha, yule jike anayewatisha korongo wote, ana kilo 3 na kitu. Mabawa ya owashi yakikunjuliwa hukaribia mita 2.5, na mdomo wake wa manjano ni mkubwa hadi unaonekana kama wa kuazima.

Tulilala Rausu, mji wa wavuvi kwenye rasi ya Shiretoko. Boti hutoka kabla ya alfajiri. Nyuzi 14 chini ya sifuri. Betri ya kamera yangu ilikufa mara mbili kabla jua halijachomoza nyuma ya Kunashiri, kile kisiwa cha ng'ambo kinachoshikiliwa na Urusi na kudaiwa na Japani. (Betri ziwekwe kwapani, si kwenye begi. Nimeshasema.) Kisha barafu. Mapande ya barafu ya baharini, mengine sawa na meza, mengine sawa na kiwanja cha mpira, yanapanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala. Na juu yake, tai.

Nilihesabu mpaka 140 nikaacha. Niseme ukweli ambao vitabu havisemi: idadi nyingi tunazoandika daftarini asubuhi kama ile ni makisio yaliyovaa suti. Tai wanahama kutoka pande hadi pande, boti inazunguka, vidole vimekufa ganzi, na wale wachanga wa kahawia wa owashi na wa tai mkia-mweupe, ambaye pia huja pale kwa wingi, nilikuwa nawachanganya mwanzoni kama mtalii wa siku ya kwanza. Mteja wangu aliniuliza, "Na yule?" Nikakohoa.

Sasa, wale tai mia na arobaini walikuwa wanawinda? Hapana. Walikuwa wanasubiri. Kijana wa nahodha alifungua ndoo, akaanza kutupa samaki walioganda, vuu, vuu, kwenye barafu. Owashi mmoja alitua mita sita kutoka kwangu. Akamkanyaga samaki kwa mguu mmoja, akamgonga kwa mdomo, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayegonga mlango wa mbao, ko, ko, ko, maana samaki alikuwa mgumu kama tofali. Hajamaliza, mwenzake akaja. Hakuja kwa kupaa kwa utukufu. Alikuja kwa miguu, akitembea kwa kuyumba kama mlevi, mabawa nusu wazi. Wakapigiana kelele za kubweka. Wa kwanza akaondoka na kipande, wa pili akabaki na kichwa, na kunguru aliyekuwa nyuma yao muda wote akavuta utumbo akaenda zake. "Tai hachangamani na ndege wadogo," ndivyo alivyosema bwana wa semina. Pale kunguru walikuwa wanawavuta mikia.

Sina uso wa kumlaumu nahodha kwa ile ndoo. Naivasha tunafanya vilevile: unamchomeka samaki kijiti cha funjo mdomoni ili aelee, unapiga mluzi, unarusha, kwazi anashuka kutoka kwenye mgunga, kamera zinalia, wageni wanafurahi. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Kuna siku najiambia hakuna ubaya, kuna siku naona nimemfundisha ndege wa porini kuomba. Bado sijaamua, na mwezi huu pia nimebeba samaki.

Siku ya pili dhoruba ya theluji. Boti hazikutoka. Mnajua ile nyingine, kwamba tai hupenda dhoruba, wenzake wakijificha yeye hupanda juu ya mawingu? Tuliwakuta kwenye miti kando ya mto, zaidi ya ishirini kwenye mti mmoja, shingo zimeingia mabegani, theluji imewajaa mgongoni, wamekaa kama wazee wanaosubiri matatu ambayo haiji. Hawakusogea mpaka tulipoondoka. Na ndivyo inavyotakiwa. Mwili wa kilo 9 kuuinua hewani kwa mabawa ni gharama kubwa, na kipupwe ni msimu wa kubana matumizi. Samaki aliye hai chini ya barafu hafikiki. Samaki aliyekufa juu ya barafu hakimbii. Ukiwa tai, utamchagua yupi?

Historia yao ya pale yote ni historia ya vya bure. Miaka ya 1980 wavuvi wa Rausu walikuwa wakivua samaki aitwaye sukesodara kwa wingi mkubwa, na tai walijaa kuokota waliodondoka nyavuni. Miaka ya 1990 samaki wale wakapungua sana. Tai wakageukia nchi kavu, kwa kulungu wa huko wanaoitwa shika, ambao walikuwa wameongezeka na wakawa wanawindwa kwa maelfu. Mwindaji anachukua nyama nzuri, anaacha mengine kwenye theluji. Tai anakuja.

Hapa ndipo ninapokasirika, na mnisamehe nikirefusha.

Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa kile kinachotoka kwenye bunduki na kwa madini yenyewe yale mazito ya kijivu. Kwa habari hii hakuna lugha iliyosema sawasawa zaidi. Risasi ya madini ya risasi ikimpiga kulungu hupasuka vipande vidogo sana na kusambaa kwenye nyama iliyozunguka jeraha. Mwindaji huikata nyama hiyo na kuiacha, kwani imeharibika. Tai naye hana kisu; ngozi ya kulungu ni ngumu, kwa hiyo huanzia pale palipokwisha kupasuka. Yaani huanzia jerahani, penye sumu. Asidi ya tumbo lake inaiyeyusha, inaingia kwenye damu, na baada ya siku unamkuta amekaa chini, mabawa yameanguka, anahema, kinyesi kijani kibichi, hawezi kuruka hata ukimsogelea. Daktari wa wanyama Keisuke Saito na wenzake mjini Kushiro wamewatibu na kuwapasua tai wa namna hii kwa miaka. Kwenye eksirei vile vipande huonekana tumboni kama nyota. Hokkaido ilianza kupiga marufuku risasi za aina hiyo kwa hatua kuanzia mwaka 2000, na tai walio na sumu hiyo wakaendelea kuokotwa hata baada ya hapo.

Kama tai wasingekula mzoga, hata mmoja asingekufa hivyo.

Siku ya tatu tukaenda Notsuke, ule ulimi mrefu wa mchanga ulioingia baharini. Ndipo nilipopiga picha yangu: kulungu kwenye barafu ya ghuba, owashi wawili na mkia-mweupe mmoja, mmoja wa owashi ameingiza kichwa mpaka mabegani, akakitoa chekundu, akapangusa mdomo kwenye barafu kushoto, kulia, kushoto, kama mtu anayenoa kisu.

Basi, wakati wa chai kule semina nilimfuata yule bwana. Kwa heshima zote. "Mwalimu, shikamoo. Hebu tazama hii."

Akaivuta karibu, akaikuza kwa vidole. "Huyu si tai, ndugu yangu. Huyu ni tumbusi wa Kijapani."

Nikamwambia Japani haina tumbusi wake, yule mla mizoga mwenye upara. Akatabasamu ile tabasamu ya mtu mwenye maikrofoni. "Labda tai wa huko. Tai wa Biblia ni mwingine."

Hapo aligusa jambo bila kujua, na ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu ni nusu kweli. Neno la Kiebrania ambalo Biblia zetu hutafsiri tai ni nesheri, na wataalamu wengi wanakubali kwamba neno hilo lilimchukua pia tumbusi mkubwa, pengine yeye hasa. Mika 1:16 inawaambia watu wapanue upara wao kama wa nesheri. Sasa tai gani mwenye upara? Kwenye Mathayo 24:28 imeandikwa wazi, kwa Kiswahili, kwamba ulipo mzoga ndipo tai watakapokusanyika. Sisi wenyewe tumezoea kuchanganya: nenda Narok au Kajiado, useme "tai", wengi watakuonyesha ndege aliye juu ya punda mfu. Kwa hiyo ukitaka kumtenga "tai wa Biblia" na mzoga, umechagua kitabu kibaya cha kujitetea nacho. Na yule anayepanda juu kwa mbawa? Ndege aliyerekodiwa juu kuliko wote ni tumbusi wa Rüppell, aliyegongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan mwaka 1973, zaidi ya mita 11,000 kutoka usawa wa bahari. Ndugu zake huatamia kwenye majabali ya Hell's Gate, karibu na ninapolala.

Nilitaka kumwambia hayo yote. Nilichosema ni, "Kwazi wa hapa ziwani naye anakula samaki mfu, mwalimu. Anapokonya hata korongo." Akanishika bega akaniambia nina kipaji.

Watu huniuliza kwa nini nisiache tu, ni mfano wa kutia moyo, hauumizi mtu. Unaumiza ndege. Mfugaji anayepoteza ng'ombe kwa simba, akanyunyizia mzoga dawa ya wadudu, nimezungumza nao, nimekaa nao. Wanajua fisi atakufa. Wanajua tumbusi atakufa, na wengine husikitika. Lakini pungu, yule mwenye uso mwekundu na mkia uliokatika, naye yumo, na tai wengine wa savana wamo, na mzee mmoja aliniapia kwamba hao lazima waliuawa na kitu kingine, kwa kuwa tai hagusi kilichokufa. Alisikia kanisani. Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwa pungu aliyekufa, nyama bado kooni.

Yule bwana wa semina aliniomba nimtumie picha ya Notsuke. Nikamtumia, tena nikaandika maelezo marefu chini yake: kulungu, risasi, Mathayo. Tiki mbili za bluu, kimya.

Jana nimeona bango la semina yake ijayo. "Uwe Tai Mwaka Huu." Picha ni yangu, naijua, ile theluji ya begani, ule mdomo. Ameikata vizuri sana chini ya shingo. Kulungu hayupo. Damu iliyobaki kwenye ncha ya mdomo ameigeuza rangi ya dhahabu.